Ng'ombe wa Ploti

Tulimzika Ng'oto Resian Jumamosi iliyopita, nje kidogo ya mji wa Kajiado, mahali ambapo lami inakwisha na mgeni anaanza kuulizia njia kwa wachungaji. Nilikwenda na Mama Kioko, ambaye siku hizi magoti hayamsikizi, na Njoroge fundi, ambaye meno yamepungua lakini maneno yako palepale. Tulikaa watatu kwenye hema la majirani na hakuna aliyetuuliza kitu, ingawa ujirani wetu na marehemu ulikwisha tukiwa bado vijana, katika ploti moja ya Kitengela ambayo siku hizi imebomolewa na mahali pake pamesimama ghorofa lenye ukuta na askari wa langoni. Baada ya mazishi tulipewa wali na nyama ya kuchemsha. Mjukuu wa marehemu, Lemayian, kijana mpole anayefanya kazi Nairobi, akaja kukaa nasi kwa adabu ili tusionekane wapweke. Nilimwuliza kazi yake ni gani. "Tumetengeneza app," akasema. "Kama uko na gari imelala tu, ama chumba haina mtu, ama hata mashini ya kufua nguo, unaiweka hapo, mtu mwingine anaitumia. Inaitwa sharing economy, shosho." Mama Kioko akamwuliza kama hao watu wanajuana. Akasema hapana, hakuna haja. "Kwa hivyo," akasema Njoroge, mdomo umejaa, "ni kuombana chumvi, lakini na mtu haumjui." Kijana akacheka. "Hakuna kuomba, guka. Hiyo ndiyo poa yake. Unabonyeza tu. Hakuna mtu anaona haya."

Mimi nilimalizia nyama yangu, maana sikutaka kumvunja moyo mtoto wa watu siku ya msiba. Lakini neno lake nimelala nalo na kuamka nalo wiki nzima. Bibi yake ndiye aliyenifundisha kuomba, na somo lenyewe lilinichukua mwaka mzima na nusura lichukue roho ya ng'ombe. Nimevuka hamsini sasa, watu wananiita mama na wengine shosho, na nikitazama nyuma naona kwamba ile miaka mingine yote nimekuwa nikirudia tu yale niliyoyaona mwaka ule nikiwa sijafika ishirini. Mambo ya kwetu Makueni nayaacha, hayana sehemu hapa. Itoshe kusema kwamba nilishuka Kitengela na begi dogo na kiburi kikubwa, nikapata kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo upande wa Athi River, na nikaapa moyoni kwamba katika mji ule sitamwomba mtu kitu.

Ploti yenyewe ilikuwa safu mbili za vyumba vya mawe na mabati zinazotazamana, katikati ua wa vumbi, mwisho wa ua vyoo, na mwanzoni mfereji mmoja uliokohoa zaidi ya ulivyotoa maji. Nilikaa chumba kimoja na Kanini, tuliyefanya naye kazi meza moja. Tulikuwa na kitanda kimoja, pazia la maua lililotenganisha kitanda na jiko, na msumari mmoja ukutani ambao nguo zetu zote nzuri ziliugombania. Ukuta kati yetu na Mama Kioko ulikuwa mwembamba kiasi kwamba alipopiga chafya Kanini alimjibu. Upepo wa uwanda ulipita chini ya mlango ukaleta mchanga ndani ya ugali, tukatafuna tu. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Ilikuwa mwaka wa kiangazi kile ambacho ng'ombe waliletwa mpaka mjini kula nyasi za kando ya barabara, na watu wakawa wanawapita bila hata kushangaa.

Kama angekuja msomi wa chuo kikuu kutuchunguza namna wanavyochunguza watu wa mbali, angeona kwamba vitu vya ploti vilikuwa na njia zao. Pasi ya makaa ilikuwa ya Njoroge, lakini yeye mwenyewe aliiona mara chache sana. Sufuria kubwa ya Mama Kioko ilikuwa imepika katika harusi ambazo mwenyewe hakualikwa. Televisheni ilikuwa ya Njoroge pia, ya kutumia betri ya gari, na jioni watoto wote walijaa sakafuni kwake huku mkewe akiwaomba wapishe miguu apite. Makaa ya moto yalivukishwa ua mbiombio juu ya kifuniko. Sukari ilikopwa kwa kikombe kilichosawazishwa, ikarudishwa kwa kikombe chenye kichuguu. Sisi Wakamba hatukurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu, hata kama ni kiazi kimoja ulikitia ndani. Na kuomba kulikuwa na ufundi wake. Hakuna aliyesema "nipe". Ulisimama mlangoni, ukasalimu, ukauliza watoto, ukaulalamikia upepo, na ulipogeuka kuondoka ndipo ulipokumbuka, kama kwa bahati tu, kwamba kitunguu kimekuishia. Mama Kioko angeweza kuizunguka chumvi hivyo mpaka chai ikapoa.

Mimi hata hayo mazunguko sikuyataka. Kitunguu kikikosekana, nilipika bila kitunguu. Kiberiti kikiisha, nilisubiri Kanini arudi. "Mwende, utadedi na hiyo kiburi yako," Kanini aliniambia mara nyingi, "halafu ni sisi tutachangishwa sanduku." Nilimwona ni mtu wa kuropoka tu. Nilidhani kutoomba ni ukubwa, na kwamba majirani wananiheshimu kwa ajili hiyo. Kumbe hawakuwa wananiheshimu. Walikuwa hawajui waniweke wapi.

Ng'oto Resian alikaa chumba cha karibu na lango. Alikuwa mama mrefu, mkavu, shanga shingoni na sweta ya kanisani juu yake, na alipanga pale kwa sababu binti yake Resian alikuwa akisoma sekondari ya karibu. Jina lake hasa sikulijua mpaka nilipolisoma msalabani Jumamosi, maana Ng'oto Resian ni mama wa Resian tu, na sisi vijana tulimwita Yeyo, mama kwa Kimaasai. Tulikutana mfereji ukiwa unakohoa. "Takwenya," akanisalimu. Nikabaki namtazama. "Unasema 'iko'." Nikasema iko. "Sasa nipe hiyo kitambaa." Nilikuwa nimejifunga kichwani kitambaa cha kijani, kitu pekee kizuri nilichojinunulia tangu nije mjini. Nikadhani anataka kukitazama, nikakifungua nikampa. Akajifunga, akabeba mtungi wake, akaenda zake. Mwezi mzima nilikitazama kitambaa changu kikienda kanisani bila mimi. Mwisho nikamlalamikia Mama Kioko, naye akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Mwiitu, msichana wangu, ameomba, si ameiba. Na wewe enda uombe kitu yake."

"Niombe nini?"

"Chochote. Hiyo ndiyo anangoja. Hawa watu hawakopi kama sisi, wanaombana. Akikuomba kitu amekufungulia mlango."

"Mimi sikuja hapa kuomba."

"Basi kaa na hasira yako. Hiyo hakuna mtu atakuomba."

Nyuma ya vyoo, chini ya kipande cha mabati, Ng'oto Resian alifunga ng'ombe mmoja mwekundu aliyemwita Nanyokie. Mwangalizi wa ploti alikubali kwa sababu mwenye ploti alikuwa mbali na harufu haikumfikia. Ng'ombe wengine mwanawe mkubwa, Saitoti, alikuwa amewaswaga kusini upande wa Kimana kutafuta nyasi, na habari zilizokuja na wasafiri zilikuwa mbaya, wanaanguka njiani mmoja mmoja. Nanyokie aliachwa kwa sababu asingefika. Mbavu zilihesabika na alikuwa na mimba. Jioni moja nilimsikia Yeyo akimweleza Mama Kioko, huku akimkuna ng'ombe shingoni. "Hii ikifika mvua na hiyo kitu ya tumbo, mimi narudi nyumbani Kajiado, mtu wa ng'ombe. Ikikufa, mimi ni mtu wa kulipia chumba tu, kama nyinyi." Alisema bila kutukosea. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na ploti nzima ikajua kwamba safari ya mama huyu ya kurudi kwao imefungwa kamba nyuma ya vyoo vyetu.

Basi kila mlango ukawa na ndoo yake ya maganda. Mama Kioko aliuza mboga sokoni, akarudi na majani ya nje ya kabichi na vijiti vya sukuma. Njoroge alikuwa akijenga ukuta wa tajiri mmoja, akaja na nyasi zilizokatwa kwenye bustani yake. Kanini aliokota maganda ya mahindi kwa wachomaji wa barabarani, akiwaambia uongo kwamba ana sungura. Asubuhi Yeyo alimkamua Nanyokie maziwa kidogo, kikombe kimoja kikubwa, na kikombe hicho kilikwenda mlango mmoja kila siku. Hakuna aliyepanga zamu. Mama mwenye shida alisimama langoni akasema, bila mazunguko, kwa sababu kwa Yeyo kuomba wazi kulikuwa ruhusa, "Yeyo, leo mtoto wangu hana kitu," naye akajibu, "Kuja." Kesho yake angepita kwa mama yuleyule na kusema, "Nipe sabuni." Hivyo ndivyo tulivyoishi, na nikikumbuka sasa sidhani kama ni wema uliotuongoza. Watu walikuwa na njaa na akili. Mimi nilimwaga ndoo yangu nikaondoka, sikuomba hata tone. "Huyu wa kiwanda anatoa tu," Yeyo aliniambia akinitazama machoni. "Anatoa, haombi. Kama serikali."

Krismasi ilifika. Miaka mingine ploti ilibaki na mwangalizi na paka, kila mtu amekwenda kwao. Mwaka ule hakuna aliyesafiri. Kwetu Makueni hakukuwa na cha kukuta, na mjini hakukuwa na cha kubeba. Tukabaki, kila mlango ukapika kilichokuwepo, na nakiri ilikuwa siku nzuri. Watoto walivaa nguo zilizopigwa pasi ya Njoroge, harufu ya chapati ikazunguka, redio tatu zikaimba nyimbo tatu. Yeyo na Resian walikwenda ibada, na ibada ya Krismasi kwao ilikuwa ya siku nzima. Mimi nilikaa nje kwenye kigoda Kanini akinisuka nywele, akiniacha katikati mara moja moja. Niliona watu wakipita mmoja mmoja kuelekea vyooni na kurudi wakijifuta mikono, nyuso zao zikiwa na kafuraha kadogo, nikadhani ni matumbo ya sikukuu. Hata Kanini aliinuka akaenda, akarudi na sahani yetu ikiwa tupu.

Yeyo aliporudi jua likiwa limeinama, Nanyokie alikuwa amelala. Hakucheua. Alisaga meno na kuguna, na ubavu wa kushoto ulikuwa umevimba ukakaza kama ngoma. Yeyo alipiga magoti na nguo zake za kanisani, akaweka sikio ubavuni, akabaki hapo. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Resian alikwenda mbio kumtafuta daktari wa mifugo, akaja naye kwa baiskeli, kijana aliyekuwa bado na karatasi ya rangi ya sherehe kwenye nywele. Akampapasa ng'ombe, akanusa kinyesi, akainua kichwa. "Amekula nini?"

"Majani," Yeyo akasema. "Kila siku ni majani tu."

"Hapana, mama. Hii ni nafaka. Ng'ombe mwenye njaa hivi hawezi nafaka. Nani amempa?"

Ploti nzima ilikuwa imekusanyika na ploti nzima ikatazama chini. Mama Kioko ndiye aliyefungua mdomo. "Mimi nilimpa mahindi. Kidogo tu. Nikasema hata yeye ale Krismasi." Njoroge akakohoa. Alikuwa ameficha pumba za kusaga tangu Jumatatu, awe wa kumshtua Yeyo kwa zawadi. "Lakini kidogo," akasema. Mwingine ugali, kidogo. Mwingine githeri iliyobaki, kidogo. Watoto walimpa chapati. Kanini akanishika mkono kwa nguvu, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Sisi ni unga na ugali. Ilikuwa kasahani." Kila mtu alikuwa amemwonea huruma kwa siri, peke yake, akitaka siku ile wema wake usichanganyike na wa jirani. Daktari alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Kidogo zenu zote," akasema, "ziko ndani ya tumbo moja."

Akauliza kama kuna magadi. Nani Kitengela anapika maharagwe bila magadi? Watu wakatawanyika mbio kila mmoja kwake, na walipokuwa wakirudi kila mmoja na kifurushi chake, wakisukumana nani awe wa kwanza kumkabidhi daktari, Yeyo alisimama. "Ngojeni!" Alileta karai, akaliweka chini katikati ya ua. "Hapa. Kila mtu aweke hapa, nione." Tukaweka. Daktari akapima kwa jicho, akakoroga na maji, akamnywesha Nanyokie kwa chupa ya soda, kisha mafuta ya kupikia. Wanaume wakamsimamisha wakamtembeza kuzunguka ua polepole. Asubuhi chai ilipokuwa ikipikwa alikuwa amesimama, na mtoto mmoja akapiga kelele kwamba anatafuna. Tukashangilia kama watu wa mpira. Siku chache baadaye mimba ikamtoka, na yale maziwa kidogo nayo yakakauka.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza, na nimekuwa nikilifikiria maisha yangu yote. Watu walianza kutoa. Unga, sukari, makaa, blanketi, sabuni za kufulia na za kuogea, vyote vikaenda mlango wa karibu na lango. Hakuna aliyekwenda mikono mitupu, na hakuna aliyekwenda kuomba. Wangeomba nini? Maziwa hayakuwepo, na aibu ilikuwepo. Akina mama walipita langoni wameficha vikombe chini ya leso, watoto walikatazwa kumsumbua Yeyo, hata sindano, hata moto wa kuwashia jiko, watu walikwenda kuomba mbali wakamruka. Naye hakuomba tena. Siku niliyopeleka sukari yangu nilimkuta amekaa kitandani, na ukutani vifurushi vya unga vimepangwa havijafunguliwa, mpaka chumba kikawa kama kioski. Akanishukuru kwa upole. Upole huo uliniumiza kuliko angenitukana. Mimi niliyejidai kutoa bila kuomba sasa niliona ploti nzima imekuwa kama mimi, na niliona jinsi hali hiyo inavyoonekana.

Saitoti alirudi kutoka kusini na ng'ombe wa kuhesabika kwa vidole, akawapeleka nyumbani. Alipopita alimwambia mama yake mvua imeanza kunukia, ajiandae. Yeyo akamjibu ataona. Ijumaa iliyofuata nilimkuta Resian mferejini kati ya ndoo, macho yamevimba. "Anauza Nanyokie," akaniambia. "Kesho asubuhi mwenye bucha anakuja. Nimemwuliza kwa nini, si ng'ombe imepona? Anasema ng'ombe haina mtu anaomba kitu yake ni nyama tu. Anasema atakaa hapa, alipe chumba, mumletee unga."

Sikwenda chumbani. Nilikwenda moja kwa moja mlangoni kwake na kikombe mkononi, kama mtu anayekwenda kuiba. Nikabisha. "Yeyo, nimekuja kuomba chumvi."

"Uko na chumvi. Nilikuona jana ukinunua."

"Imekwisha."

"Mwende." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akikasirika. "Usikuje kunionea huruma na chumvi. Kama umekuja kuomba, omba kitu. Kama hukuja kuomba, enda, nifunge mlango."

Nilisimama pale nikaona haya ambayo sijayaona tena. Ningeweza kuondoka, na ningekuwa nimefanya wajibu wangu, na kesho ng'ombe angeondoka kwa kamba.

"Nipe ndama."

"Ndama gani? Ilikufa."

"Si huyo. Yule ambaye Nanyokie atazaa."

Mama Kioko upande wa pili wa ua aliacha kukatakata mboga. Yeyo alinishusha na kunipandisha kwa macho.

"Uko na mahali ya kufunga ng'ombe, wewe?"

"Sina."

"Uko na nyasi?"

"Sina."

"Bwana wa kuchunga?"

"Sina."

"Huna kitu, hujui hata kukamua, na unaniomba ng'ombe."

"Ndiyo, Yeyo."

Alianza kucheka kwa ndani, mabega yakitikisika, mpaka ikabidi ashike mlango. Sikujua kama ananicheka au analia. Kisha akajipangusa kwa kiganja na kuuliza kwa sauti ya biashara kabisa, "Jike ama dume?"

"Jike."

"Macho yako ni makubwa, entito, msichana wewe. Ya kwanza ni ya Resian, hiyo huwezi pata. Yako ni ya pili, na ikiwa dume unangoja."

Nikasema nitangoja. Nikageuka kuondoka, kisha nikakumbuka kikombe. "Na chumvi?"

"Chumvi kanunue," akasema, akafunga mlango.

Asubuhi mwenye bucha alikuja mapema na kamba begani. Watu walijua anakuja kufanya nini, wakasimama milangoni na vikombe vya chai ambavyo hawakunywa. Mimi nilikuwa mferejini na Resian, uso una sabuni. Yeyo akatoka, akasimama katikati ya lango, asiache hata nafasi ya kupita upande. "Ng'ombe imeombwa," akamwambia.

"Imeombwa aje? Si tulielewana?"

"Kuna mtu ameomba ndama, na mimi nimempa. Siwezi kukuuzia tumbo iko na kitu ya mtu."

"Kwani iko na mimba?"

"Bado."

Mwenye bucha akamtazama Njoroge kama mwanamume mwenzake, akitafuta msaada. Njoroge akaangalia mawingu. Kisha Yeyo akageuka, akapaza sauti mpaka vyumba vya mwisho. "Pakiteng!" Hakuna aliyejibu. Akaita tena, akinitazama mimi. Resian akanigonga kiwiko. "Ni wewe. Mtu akikupa ng'ombe, jina lako linaisha kwake na lake kwako. Mnaitana hivyo nyinyi wawili, mpaka kufa. Jibu." Nikajipangusa sabuni, nikajibu, "Pakiteng!" kwa sauti iliyokwaruza. Mwenye bucha akazungusha kamba yake, akaondoka akinung'unika kuhusu watu wa Kitengela. Kabla ya chakula cha mchana Mama Kioko alikuwa amekwenda kuomba maziwa ya uzao wa kwanza akakubaliwa, mwingine akaomba samadi, na Njoroge akaomba ngozi akafukuzwa kwa fimbo, ploti nzima ikicheka.

Mvua ilinyesha, na Yeyo akarudi nyumbani kwa miguu, Nanyokie mbele yake, tukawasindikiza mpaka nyumba zilipokwisha. Uzao wa kwanza ulikuwa dume, wa pili jike. Sikumchukua, maana mahali pa kumfunga sina mpaka leo. Alikaa na wenzake, akazaa, watoto wake wakazaa, na simu zilipoingia mikononi mwa watu Yeyo akawa ananipigia kunipa habari zao, nani ana mimba, nani amechechemea, nani Saitoti ameuza bila ruhusa yangu na atanyooshwa. Hakuwahi tena kuniita Mwende. Simu ililia, nikapokea, tukaanza kila mmoja kwa lile jina moja, halafu ndipo tukasalimiana. Nimekuwa na mume, nikazaa, nikapewa majina mengine mengi ya heshima, lakini hilo ndilo nililolipata kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumamosi, watu walipokwisha kutia mchanga na kuanza kuelekea kwenye hema, nilibaki nyuma kidogo, kando ya kaburi, nikamwita kwa jina letu. Njoroge akageuka na kuuliza kama nimesema kitu. Nikamwambia hapana, atembee, chakula kinapoa.